Mtoto Anayetoka Jasho Akinyonya

Bamama, angalieni vizuri mtoto wakati wa kunyonya. Ananyonya kidogo, anaacha, anapumua mbio, na jasho linamtoka kichwani? Kila mwezi kilo haipandi kwenye fishi? Pengine si malaria wala maziwa kupunguka. Pengine alizaliwa na kasoro ya moyo.

Juu ya nini? Tumboni mtoto hapumui kwa mapafu. Kuna njia ndogo inayopitisha damu pembeni ya mapafu. Akiisha kuzaliwa, njia hiyo inajifunga siku za kwanza. Kwa wengine haijifungi. Wengine wana tundu katika ukuta wa ndani ya moyo. Damu nyingi inaingia mapafuni, na moyo unachoka. Wengine tena wana tundu pamoja na njia nyembamba ya kwenda mapafuni. Hao midomo na ulimi vinakuwa bluu, na wakitembea wanachuchumaa kupumzika.

Si ulozi. Si kosa la mama. Kwa watoto 100 wanaozaliwa, karibu 1 ana kasoro ya moyo, hata kule Ulaya.

Je, anaweza kupona? Matundu madogo mengi yanajifunga yenyewe. Makubwa yanataka kupasuliwa. Mwaka 1938, kule Boston, Marekani, munganga Robert Gross alifunga kwa uzi ile njia iliyobaki wazi, na mtoto akapona. Mwaka 1944, kule Baltimore, Alfred Blalock alishona mshipa wa kwenda mkononi kwenye mshipa wa mapafu, na mtoto wa bluu akapata nafuu. Leo mashini inafanya kazi ya moyo wakati waganga wa hospitali wanaziba tundu. Kazi hii inafanyika Kampala, ukivuka mpaka wa Kasindi, na pia Dar es Salaam.

Safari ni ndefu na ya bei. Lakini usingoje. Tundu kubwa likikaa miaka mingi linaharibu mapafu, na hapo kupasua hakuwezekani tena.

Basi mama, fanya hivi:

1. Leta mtoto na fishi yake. Omba munganga asikilize moyo.
2. Akigeuka bluu ghafula, mkunje magoti mpaka kifuani, mtulize, mkimbize hospitali.
3. Usimchanje kifua, usimpe dawa ya majani.
4. Mnyonyeshe kidogo-kidogo, mara nyingi. Apate chanjo zote za kliniki.

Mama aliyeona mapema, huyo ndiye munganga wa kwanza.