Mgongo wa mzee unauma? Usikimbilie kumchua tu!

MSHIKAJI wangu, hebu tulia kidogo. Mzee wako akirudi jioni anashika kiuno na kuguna, "Huu mgongo utaniua," wewe unafanya nini? Wengi wetu tunamnunulia dawa ya kuchua, basi, mambo yamekwisha. Na kweli, mara nyingi ni uchovu tu. Lakini kuna wakati mgongo unaleta habari za mahali pengine kabisa: tezi dume.

Usidhani ni matatizo ya walalahoi. François Mitterrand alichaguliwa kuwa Rais wa Ufaransa Mei 1981. Miezi michache baadaye akaanza kulalamika mgongo na mguu. Kupimwa Novemba, lo! Kansa ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa. Bwana mkubwa akaifanya siri, wananchi wakaja kuambiwa ana kansa mwaka 1992! Alifariki Januari 8, 1996. Na Mei 2025 ilitangazwa kuwa Joe Biden, rais wa zamani wa Marekani, naye ana kansa hiyo hiyo, tena imefika mifupani.

Sasa kwa nini iende kwenye mfupa? Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alisema kansa ni kama mbegu: husambaa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Leo tunajua mbegu na udongo huwa vinapeana ishara.

Seli hazina mdomo, zinaongea kwa kemikali. Seli moja inatoa kemikali, nyingine ina kipokezi kinachoinasa, kama ufunguo na kufuli. Ufunguo ukiingia, ujumbe unapokezanwa ndani, protini moja hadi nyingine, mpaka amri inatoka: hama, zaliana, usife!

Uboho wa mfupa unatoa kemikali iitwayo CXCL12. Seli za kansa ya tezi dume zinazozurura kwenye damu huwa na kipokezi chake, CXCR4. Ni kama wewe unavyovutwa na harufu ya mishikaki kona ya mtaa.

Zikishaingia, zinakuwa kama mpangaji mkorofi. Mfupa una mafundi wa aina mbili: wanaojenga na wanaobomoa, na siku zote kazi zao zinalingana. Kansa inawahonga wajenzi, wanajenga ovyo ovyo. Wajenzi nao wanatoa kemikali RANKL inayowaamsha wabomoaji. Mfupa ukibomolewa unamwaga kemikali za kukuza seli zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake. Kansa inazila, inanenepa, inahonga tena! Kwenye picha ya eksirei mfupa unaonekana mweupe, utadhani umekomaa. Kumbe ni ukuta wa mchanga mwingi na saruji kiduchu. Ndiyo maana unauma, na unaweza kuvunjika kirahisi.

Habari njema ni kwamba maongezi yakijulikana, yanaweza kukatizwa. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kuwa ukipunguza homoni za kiume, kansa hii inanywea. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Dawa ya denosumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010 kwa kazi hii, inainasa RANKL kabla haijawafikia wabomoaji, na hatari ya mifupa kuvunjika inapungua. Lakini haiiondoi kansa. Ikishafika mifupani, kwa kawaida inadhibitiwa tu. Ikikutwa bado imo ndani ya tezi, inaweza kupona kabisa. Hapo ndipo penye tofauti.

Ubaya ni kwamba mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Kwa hiyo mzee akishatimiza miaka 50, au hata 45 kama baba yake au kaka yake aliugua, azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Ni sindano tu ya mkononi, haina aibu. Na maumivu ya mgongo yanayozidi usiku na hayaishi, yasisubiri. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukagoma, hospitali siku hiyo hiyo!

Unaona haya kumwambia? Mtume baba mdogo au mjomba, wao wanajua pa kuanzia. Ile dawa ya kuchua haina mguu, itawasubiri nyumbani.