Waridi la Naivasha na mkataba wa Ulaya

Alfajiri pale Kihoto, Naivasha, mabasi hubeba watu kwenda mashamba ya maua. Mimi mtu wa pwani, niliyezoea nazi na samaki, nilijiuliza: waridi hili lina uhusiano gani na mikataba ya wakubwa? Unao, tena mkubwa.

Oktoba 2014 nchi za Afrika Mashariki zilichelewa kukubaliana na Umoja wa Ulaya. Papo hapo maua ya Kenya yakaanza kutozwa ushuru huko, hadi mwishoni mwa Desemba. Tanzania na Uganda hazikuguswa, kwani nchi zinazohesabiwa maskini zaidi huuza Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo katika orodha hiyo. Ndiyo maana jirani zetu hawakuwa na haraka. Tanzania ilihofia viwanda vyake, na hofu hiyo mimi siidharau.

Mwisho Kenya ikaenda peke yake. Ilitia saini Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Bidhaa zetu, silaha tu ndizo hazimo, zinaingia Ulaya bila ushuru wala kikomo. Sisi tunafungua soko letu kidogo kidogo, kwa miaka 25.

Mama mmoja anayepanga waridi kwa urefu wa vikonyo aliniambia habari za ushuru hazijui. Anachojua, oda za Ulaya zikipungua, vibarua ndio wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani. Na nyumba zenyewe za Kihoto, mwaka 2025, ziwa liliingia ndani.