Istilahi za Mieleka ya Vyuo vya Marekani: Kuangusha si Kushinda

Istilahi za mchezo hazitafsiriki sawasawa mpaka mfasiri awe amefahamu kwanza ni kitu gani kinachohesabiwa katika mchezo huo. Katika kandanda jambo hili halina taabu, kwa kuwa mpira ukivuka mstari kila mtu huuona. Lakini iko michezo ambayo macho peke yake hayatoshi, na mmojawapo ni mieleka inayochezwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Katika makala haya tunakusudia kueleza kanuni za mchezo huo, timu zilizoutawala, na mashabiki wanaoufuata, na hapo hapo kupendekeza maneno ya Kiswahili yatakayomwezesha mtangazaji, mfasiri au mwalimu kuueleza bila kumpotosha msikilizaji.

Kiswahili si maskini wa maneno katika uwanja huu. Tunayo mieleka, au miereka kama wengine wasemavyo. Tunayo mtama na ngwara, kabari, chali, kingalingali na kifudifudi. Ila mtu akiyachunguza maneno haya ataona kwamba mengi yanahusu kuanguka: namna mtu anavyoangushwa, au namna anavyolala akisha kuanguka. Mieleka ya vyuo vya Marekani, kwa upande wake, haihesabu kuanguka. Inahesabu kushikwa. Tusipolizingatia jambo hili, tutakuwa na tafsiri inayosomeka vizuri na inayosema uongo.

Mieleka ipi?

Kwanza hapana budi kutenganisha mambo yanayoitwa kwa jina moja. Iko mieleka ya maonyesho, ile ya televisheni, ambayo mshindi wake hupangwa kabla ya watu kuingia ulingoni. Hiyo hatuizungumzii hapa. Iko mieleka ya ushindani ya Michezo ya Olimpiki, nayo ina mitindo miwili: mieleka huru, ambamo miguu huruhusiwa kushikwa, na mieleka ya Kigiriki na Kirumi, ambamo ni marufuku kumshika mpinzani chini ya kiuno. Kisha uko mtindo wa tatu, unaochezwa na wanaume katika shule na vyuo vya Marekani, ambao Wamarekani wenyewe huuita kwa jina lenye maana ya mtindo wa wenyeji. Sisi tunapendekeza uitwe mieleka ya vyuo. Wanawake wa vyuo hivyo hivyo hufuata kanuni za mieleka huru. Mchezo wao ulikubaliwa na NCAA, yaani chama cha taifa cha michezo ya vyuo, kuwa mchezo wa 91 wenye mashindano ya ubingwa, mnamo Januari 2025.

Udhibiti ndio msingi

Mpambano wa mieleka ya vyuo una vipindi vitatu: cha kwanza dakika 3, na viwili vinavyofuata dakika 2 kila kimoja. Kipindi cha kwanza huanza wote wawili wakiwa wamesimama. Katika kipindi cha pili na cha tatu, mwenye zamu ya kuchagua anaweza kutaka kuanza juu, kuanza chini, au kuanza kwa kusimama. Wa chini hupiga magoti na kutuliza viganja juu ya jamvi. Wa juu humkaa nyuma au ubavuni, mkono mmoja ukizunguka kiuno na mwingine ukishika kiwiko. Filimbi ikilia, wa juu hufanya kazi ya kumzuia mwenzake na kumgeuza, naye wa chini hufanya kazi ya kujitoa.

Hapa ndipo mieleka hii inapoachana na mieleka huru. Katika mieleka huru, wachezaji wakiwa chini kwa muda mfupi bila ya tendo lolote, mwamuzi huwasimamisha. Katika mieleka ya vyuo wa chini hainuliwi kwa kuonewa huruma. Ni juu yake kujinusuru. Hali hiyo ya mmoja kumshika mwenzake hata asiweze kwenda atakako ndiyo inayohitaji istilahi ya kwanza, kwa kuwa nyingine zote zinaitegemea.

Tumepima maneno manne. Kutawala limekwisha kuzoeleka katika kandanda kwa maana ya kucheza vizuri zaidi kuliko upande wa pili, na mtu aweza kutawala mchezo bila kumshika yeyote. Kumiliki linahusu mali, au mpira. Kumudu ni kuwa na uwezo wa jambo, wala si kulitenda. Kudhibiti lina maana ya kushika kwa imara na kuzuia, na ndiyo maana inayotakiwa. Kwa hiyo tunapendekeza udhibiti.

Pointi na majina yake

Mchezaji aliyesimama akimleta mpinzani wake chini na kumdhibiti hupata pointi 3. Zamani zilikuwa 2. Kanuni ilibadilishwa kuanzia msimu wa 2023–24. Wafasiri wengi wangeliita tendo hili mwereka, na hapo ndipo kosa linapoingia. Mtu anaweza kupigwa mwereka wa kutikisa ukumbi mzima, akaanguka, akajipindua akasimama kabla hajashikwa, na pointi isitolewe hata moja. Mwingine anaweza kuvutwa kifundo cha mguu akaketishwa taratibu, pasiwe na kishindo chochote, na pointi 3 zikaandikwa. Basi neno mwereka na libaki kuwa jina la tendo la kutupa, nalo tendo la kuangusha pamoja na kudhibiti liitwe mwangusho.

Wa chini akijitoa katika udhibiti hupata pointi 1. Neno kutoroka halifai, maana mtoro ana hatia, na mchezaji huyu hana hatia bali ana sifa. Kuchomoka linafaa zaidi, na tendo lenyewe tunaliita mchomoko. Akifanya zaidi ya hapo, yaani akatoka chini na kuwa juu mwenye kudhibiti, hupata pointi 2. Hilo tunaliita mpinduo. Huenda msomaji akasema kwamba kupindua ni neno la siasa. Nasi tutamjibu kwamba maana hiyo inatusaidia, kwa kuwa aliyekuwa akishikwa ndiye sasa anayeshika.

Wa juu akifaulu kumgeuza mwenzake mpaka mgongo ukaelekea jamvi, mwamuzi huanza kuhesabu kwa mkono. Sekunde 2 huleta pointi 2, sekunde 3 pointi 3, na sekunde 4 pointi 4. Tunapendekeza nusu-chali. Katika mieleka huru kuuelekeza mgongo wa mpinzani chini kwa kupitiliza tu huweza kuleta pointi. Katika mieleka ya vyuo hapana pointi bila ya kumshikilia pale pale. Mabega yote mawili yakibanwa juu ya jamvi kwa sekunde 1 nzima, mpambano umekwisha, hata kama mshindi alikuwa nyuma kwa pointi 10. Hiyo ndiyo chali. Ili kuepuka mkanganyiko, mtangazaji anayetaka kueleza tu jinsi mtu alivyolala atumie kingalingali, nalo neno chali alihifadhi kwa ajili ya mwisho wa mpambano.

Imebaki kanuni inayowashangaza wageni kuliko zote. Pembeni mwa jamvi huwekwa saa inayohesabu muda ambao kila mchezaji amemdhibiti mwenzake. Mwisho wa mpambano, aliyemzidi mwenzake kwa dakika 1 au zaidi huongezewa pointi 1. Tuchukue mfano. Wa kwanza amepata mwangusho mmoja na mchomoko mmoja. Wa pili naye vivyo hivyo. Ubao unaonyesha 4 kwa 4. Lakini wa kwanza alimdhibiti mwenzake kwa dakika 1 na sekunde 30, na wa pili kwa sekunde 20 tu. Wa kwanza ameshinda 5 kwa 4. Msikilizaji asiyeelezwa jambo hili ataamini kwamba mwamuzi amemwibia mtu ushindi. Haki imetendeka, ila lugha haikuifikisha. Pointi hii tunaiita pointi ya muda wa udhibiti.

Aidha, mchezaji anayekwepa kucheza ili saa imalizike huonywa, na akirudia mpinzani wake hupewa pointi. Tunapendekeza kuzorotesha mchezo, kwa sababu kupoteza muda, kama isemwavyo katika kandanda, hakuonyeshi kwamba mtu anaweza kuwa mwenye kushika sana na bado akawa mkosaji.

Ushindi wa mmoja na ushindi wa timu

Timu mbili zinapokutana hupambanisha wachezaji kumi kumi, kila mmoja katika uzito wake, kuanzia ratili 125 hadi 285. Aliyeshinda kwa tofauti isiyofika pointi 8 huipatia timu yake pointi 3. Huu ni ushindi wa kawaida. Tofauti ya 8 hadi 14 ni ushindi mkubwa, wenye pointi 4. Tofauti ikifika 15 mpambano husimamishwa. Huo ni ushindi wa kupindukia, wenye pointi 5. Chali huleta pointi 6.

Matokeo yake ni kwamba hata anayeshindwa ana kazi ya kuifanyia timu yake. Aliyeko nyuma kwa pointi 8 akipata mchomoko mmoja katika sekunde za mwisho ameshindwa vile vile, ila ameiokolea timu pointi moja. Mgeni huona mashabiki wakimshangilia aliyeshindwa na kudhani wamechanganyikiwa.

Timu na enzi zake

Wamarekani wana neno moja linalokusanya timu ya chuo, makocha wake, na desturi yake ya kutafuta na kulea vijana mwaka hata mwaka. Wako waliotaka tuseme programu. Sisi hatuoni haja, kwa kuwa programu kwetu ni ratiba, au ni chombo cha kompyuta. Mtu wa Dar es Salaam asemapo Simba au Yanga hana maana ya wachezaji wa msimu huu tu. Ana maana ya kitu alichokirithi kwa baba yake. Neno timu linabeba mzigo huo bila kulalamika.

Linalohitajika ni jina la kipindi ambacho timu moja huwashinda wengine wote. Nasaba halifai, maana wachezaji hawahusiani kwa damu. Tunapendekeza enzi. Mashindano ya kwanza ya NCAA yalifanyika mwaka 1928, na enzi ya kwanza ilikuwa ya chuo cha Oklahoma A&M, ambacho sasa ni Oklahoma State, chini ya kocha Edward Gallagher. Chuo hicho kimetwaa ubingwa wa timu mara 34. Enzi ya Iowa iliongozwa na Dan Gable, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1972, ambaye timu zake zilipata ubingwa mara 15, tisa kati ya hizo mfululizo kuanzia 1978 hadi 1986. Gable mwenyewe alipokuwa mwanafunzi wa Iowa State alishindwa mara moja tu, katika fainali ya mwaka 1970, pale Larry Owings alipomshinda 13 kwa 11.

Kisha ikaja enzi ya Penn State chini ya Cael Sanderson, ambaye katika miaka yake ya uanafunzi, pia huko Iowa State, alishinda mapambano 159 bila kushindwa hata moja. Kati ya 2011 na 2025 timu yake ilichukua ubingwa mara 12. Mwaka 2024 ilipata pointi 172.5 na kuivunja rekodi ya Iowa ya pointi 170 iliyowekwa mwaka 1997. Mwaka 2025 ikafikisha 177. Katika mashindano hayo ya ubingwa, chali na ushindi wa tofauti kubwa huiongezea timu pointi za ziada. Timu inayotosheka na ushindi wa kawaida haifiki mbali.

Mashabiki

Mapenzi ya watu kwa mchezo huu si madogo. Mwaka 2008 watu 15,955 waliingia katika ukumbi wa Carver-Hawkeye kutazama Iowa ikipambana na Iowa State. Novemba 14, 2015, Iowa ilitandika jamvi katikati ya uwanja wake wa kandanda ya Kimarekani, wakaja watu 42,287 kuitazama ikiishinda Oklahoma State 18 kwa 16. Tofauti hiyo ya pointi 2 ni ndogo kuliko ushindi mmoja wa kawaida.

Mwamuzi huvaa kitambaa chekundu mkono mmoja na cha kijani mkono mwingine, na huonyesha pointi kwa vidole. Mashabiki wazoefu huinua vidole vyao kabla yake. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu hawatazami nani ameanguka. Wanatazama nani ameshika. Msikilizaji wa Kiswahili naye ana haki ya kutazama hivyo.

Muhtasari wa istilahi

Udhibiti: kumshika mpinzani hata asiweze kujiendea.
Mwangusho: kumleta mpinzani chini na kumdhibiti, pointi 3.
Mchomoko: kujitoa katika udhibiti, pointi 1.
Mpinduo: kutoka chini na kuwa mwenye kudhibiti; pointi 2.
Nusu-chali: kuushikilia mgongo wa mpinzani kuelekea jamvi, pointi 2 hadi 4.
Chali: kubana mabega yote mawili kwa sekunde 1; mwisho wa mpambano.
Muda wa udhibiti: ziada ya dakika 1 au zaidi, pointi 1.
Kuzorotesha mchezo: kukwepa kucheza kwa makusudi.
Enzi: kipindi kirefu cha ubingwa wa timu moja.

Haya ni mapendekezo, wala si amri. Tunawaomba watangazaji wa michezo, walimu, na hasa vijana wetu waliosoma katika vyuo hivyo na kuucheza mchezo wenyewe, wayajaribu maneno haya katika usemi wao, kisha watuandikie yapi yamekaa vizuri mdomoni na yapi yamekataa.