Makefile Haisomwi kwa Rejeksi

Swali hubadilika sura, lakini ni lile lile: "Nipe rejeksi ya kutoa namba ya toleo kwenye Makefile." Mwingine anataka orodha ya faili za msimbo, mwingine anataka kujua mradi unategemea maktaba zipi. Wameshajibiwa, na bado hurudi wakilalamika kwamba rejeksi waliyoiokota mahali imetoa jibu la uongo. Leo nalijibu kwa kirefu.

Rejeksi haiwezi kukupa jibu hilo, hata uirefushe namna gani. Unachokitafuta hakimo ndani ya maandishi. Tazama mistari hii:

TOLEO = $(KUU).$(NDOGO)
KUU = 1
NDOGO = 4

Rejeksi itakuletea $(KUU).$(NDOGO), ambayo si namba ya toleo lolote. Mjanja ataongeza hatua ya kuweka thamani mahali pa majina, apate 1.4, aridhike. Sasa weka := badala ya = kwenye mstari wa kwanza. Jibu linakuwa nukta peke yake. GNU Make hukokotoa := pale pale inapoikuta, na wakati huo KUU na NDOGO havijapewa thamani; kigeu kisichojulikana huhesabiwa kuwa kitupu, bila onyo. Alama ya = huhifadhi maandishi yalivyo na kuyakokotoa yanapohitajika. Kwa hiyo mtu akiongeza NDOGO = 5 mwishoni, au ndani ya faili nyingine inayoingizwa kwa include, TOLEO ya mwanzo, ile yenye =, sasa inatoa 1.5. Na aliyeandika make NDOGO=9 kwenye terminali ameyapiku yote hayo, maana thamani iliyotolewa kwenye amri hushinda iliyo kwenye faili, isipokuwa mwandishi wa faili ametumia override.

Bado sijagusa masharti. Mstari kama ifeq ($(shell uname),Darwin) huleta orodha moja ya faili kwenye Mac na nyingine kwenye Linux, na tawi lisilochaguliwa huwa kama halikuandikwa. Kwa mradi wa namna hiyo, "faili zake ni zipi" ni swali lisilo na jibu mpaka useme ni kwenye mashine gani. Kisha kuna $(eval), iliyoingia na toleo 3.80 mwaka 2002: hutunga kanuni mpya wakati faili inasomwa. Utazitafutaje kwa rejeksi kanuni ambazo hakuna aliyeziandika? Make ni lugha ya programu, na imekuwa hivyo muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaoniuliza.

Wapo wanaosogea hatua moja na kutumia kichanganuzi halisi. Ni hatua njema, ila ni nusu ya safari. Kichanganuzi hukupa mti: huu ni mgawo wa thamani, hili ni sharti, hii ni kanuni. Hakisemi thamani ni ngapi. Hiyo ni kazi ya maktaba ya kukokotoa, inayoupitia mti kwa mpangilio huku ikishika jedwali la vigeu, ikitofautisha kinachokokotolewa sasa na kinachosubiri, ikiamua masharti na kuingiza faili za pembeni. Mimi hupima maktaba ya aina hii kwa jambo moja: inafanya nini ikikutana na $(shell ...)? Iliyo mbovu huweka utupu na kusonga mbele. Hapo imekudanganya, kwa sababu katika Make utupu ni thamani halali, na masharti mengi huamuliwa kwa huo utupu. Mbovu zaidi hutekeleza amri hiyo bila kukuuliza. Iliyo nzuri husema "haijulikani", na alama hiyo huibandika kwenye kila thamani iliyotokana nayo mpaka mwisho.

Halafu kuna dawa ya mitaani, nayo ndiyo inayonikera kuliko zote: "Endesha make -n tu, haitekelezi chochote." Si kweli, na wanaoisambaza wanawahatarisha wenzao. $(shell ...) iliyo kwenye mgawo wa := au kwenye sharti hutekelezwa faili inaposomwa, uwe umeweka -n au hukuweka. Faili zinazoingizwa kwa include, kama zina kanuni za kuzitengeneza, hutengenezwa upya hata chini ya -n. Mistari ya amri inayoanza na alama ya +, au yenye $(MAKE) ndani yake, hutekelezwa vilevile. Haya yameandikwa wazi kwenye mwongozo wa GNU Make. Ukiendesha make -n kwenye mradi wa mtu usiyemjua, umeendesha msimbo wake kwenye kompyuta yako, ambamo mna funguo zako za SSH.

Anayeona natia chumvi akumbuke xz, programu ya kubana faili, Machi 2024. Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na ulikuwa umepachikwa kwa kupitia skripti za ujenzi. Katika mradi huo huo, ndani ya CMakeLists.txt, iliwekwa nukta moja katikati ya kipande cha C kilichokusudiwa kupima kama ulinzi wa Landlock upo. Nukta hiyo ilifanya kipimo kishindwe kukompailiwa kila mara, na ulinzi ukahesabiwa haupo. Aliyetafuta neno Landlock kwa rejeksi angelikuta mahali pake na kwenda zake ameridhika.

Ufanye nini basi? Kwa CMake, soma majibu ya file API iliyopo tangu toleo 3.14, au washa CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS upate compile_commands.json, kumbuka tu kwamba zote mbili huendesha CMake. Kwa Make, tumia make -pn ndani ya kontena lisilo na mtandao wala siri zako, au jenga mradi humo chini ya Bear, inayorekodi amri za kompaila. Kwa Bazel, uliza kwa cquery. Ukitaka kukokotoa ndani ya programu yako mwenyewe, Starlark, lugha ya faili za Bazel, ina maktaba za Go, Rust na Java, na lugha yenyewe haina while, hukataza kujirudia kwa fanksheni na haisomi saa. Kwa Python, soma pyproject.toml kabla ya kufikiria setup.py, na utazame kama toleo limetajwa chini ya dynamic. Likiwa humo, namba haimo kwenye faili hiyo.

Na anayetaka nimtafutie thamani ya kigeu aniletee faili zote zinazoingizwa, amri kamili aliyoiandika, na vigeu vya mazingira ya mashine yake. Kipande kimoja cha Makefile pekee hakinitoshi kujibu, na hakimtoshi mtu mwingine yeyote.