Ziwa Tanganyika: Kwa nini kifaa cha GPS "kisichoingia maji" huharibika majini?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilomita 670, na maji yake yamegawanywa baina ya nchi nne: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Katikati ya maji hayo hakuna nguzo wala bendera inayoonyesha mpaka. Ukungu wa kiangazi unapofunika milima ya kando, mpiga kasia aliye mbali na ufuo hana alama ya kumwongoza.

Ndiyo maana wapiga kayaki na waendesha mashua za tanga huchukua kifaa cha mkononi cha GPS, ambacho huwaonyesha njia ya kurudi na nchi ambayo maji yake wamo. Hata hivyo, vifaa vingi vinavyouzwa kwa sifa ya kutoingia maji huzimika vikiwa majini, mara nyingi wakati mwenyewe anapovihitaji zaidi. Chanzo kimojawapo ni namna alama iliyoandikwa kwenye kasha inavyofahamika.

Alama ya IPX7 ina maana gani?

Alama hiyo hutokana na kanuni ya kimataifa ya IEC 60529. Tarakimu 7 humaanisha kwamba kifaa kilizamishwa katika maji yaliyotulia, kwa kina cha mita 1, kwa muda wa dakika 30, bila kupenyezwa na maji kiasi cha kukidhuru. Tarakimu 8 humaanisha jaribio kali zaidi, ambalo masharti yake hutajwa na mtengenezaji. Herufi X huonyesha tu kwamba kinga dhidi ya vumbi haikutajwa.

Jaribio hilo halifanani na ziwa lenye mawimbi. Maji yanayorushwa kwa nguvu hupimwa kwa majaribio mengine, yenye tarakimu 5 na 6. Kifaa chenye 7 pekee hakijathibitishwa kustahimili mkondo wa maji unaokipiga, kama inavyotokea mtu anapoanguka kutoka katika chombo kinachokwenda kasi.

Jua nalo lina sehemu yake. Kanuni hutaka joto la maji ya jaribio lisipishane na joto la kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5. Kifaa kilichoachwa juani juu ya kayaki huweza kufikia nyuzi 45, ilhali maji ya ziwa yana takribani nyuzi 25. Kikitumbukia ghafla, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, na shinikizo lake hupungua kwa asilimia 6 hivi. Pakiwa na ufa mdogo, maji hufyonzwa kuingia ndani. Kwa hiyo ni vyema kifaa kikae kivulini.

Maji hupita wapi?

Aghalabu maji hupita penye mfuniko wa betri na tundu la kuchajia. Mpira unaoziba sehemu hizo huchakaa kwa miaka, na punje moja ya mchanga au unywele mmoja unatosha kuuzuia usikae sawasawa. Inafaa mpira huo ukaguliwe na kufutwa kabla ya kila safari, na betri zibadilishwe nchi kavu, kwa mikono mikavu.

Kinga ya pili ni mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Plastiki nyembamba haizuii mawimbi ya setilaiti, ila maji huyazuia. Kifaa kilicho ndani ya mfuko kivaliwe juu, karibu na bega, badala ya kulazwa sakafuni mwa chombo panapotuama maji. Mfuko wenyewe hujaribiwa nyumbani: karatasi laini kavu hutiwa ndani, mfuko ukafungwa na kukandamizwa chini ya maji ya beseni kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, mfuko haufai.

Kinga ya tatu ni kamba. Vifaa vingi vya aina hii havielei, na kina kikubwa kabisa cha Ziwa Tanganyika hufikia takribani mita 1,470. Kinachozama hapo hakirudi. Kamba fupi iliyofungwa kwenye jaketi la kuokoa maisha, pamoja na hewa kidogo iliyoachwa ndani ya mfuko, huepusha hasara hiyo.

Maji yakishaingia

Kifaa kizimwe mara moja, betri zitolewe, na kisiwashwe tena kwa kujaribu, kwa kuwa umeme ukipita penye maji huunguza sehemu za ndani. Kifutwe, kisha kiachwe wazi siku kadhaa kivulini penye hewa. Kukifukia ndani ya mchele hakusaidii sana, na vumbi la mchele huweza kuingia matunduni. Kwa wanaosafiri pia katika Bahari ya Hindi, chumvi huleta kutu upesi. Kifaa kilichofungwa vizuri kisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya safari.

Kifaa hakiombi msaada

Wengi hudhani kwamba aliye na GPS anaonekana na waokoaji. Sivyo. Kifaa cha kawaida hupokea tu mawimbi ya setilaiti. Hakimjulishi mtu yeyote mahali mwenyewe alipo, isipokuwa kiwe kimeundwa pia kutuma ujumbe kwa setilaiti.

Kwa sababu hiyo, msafiri hupaswa kubeba dira na ramani ya karatasi ndani ya mfuko wa pili, kukariri upande ambao ufuo wa karibu upo, na kumwachia mtu wa nchi kavu taarifa ya njia atakayopita na saa ya kurejea. Saa hiyo ikipita bila yeye kuonekana, kuna atakayejua aanzie wapi kumtafuta.