Ndovu wa Elgon na bei ya kupanda mlima

Katika pango la Kitum, magharibi ya Kitale, kuta zimejaa alama za pembe. Ndovu wa Mlima Elgon huingia humo usiku, wakipapasa gizani kwa mkonga, kisha hukwangua mwamba wapate chumvi ambayo majani ya msituni hayawapi ya kutosha.

Safari hiyo huitatiza kompyuta. Katika GIS, yaani mifumo ya ramani za kompyuta, mlima hugawanywa miraba midogo, mathalani ya mita 30 kwa 30, na kila mraba hupewa bei: mnyama atatumia nguvu gani, au atajihatarisha kiasi gani, kuuvuka? Tuseme msitu ni 2, shamba la mahindi 10. Kukata miraba 10 ya mahindi ni 100; kuzungukia miraba 30 ya msitu ni 60. Programu hujumlisha mraba kwa mraba mpaka ipate njia nafuu, hata kama ndiyo ndefu.

Mwinuko nao una bei. Mwaka 2006 Jake Wall, Iain Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath walichapisha utafiti wa ndovu wa kaskazini mwa Kenya waliovishwa GPS: walikuwa wakikwepa vilima. Walikadiria kuwa ndovu wa tani nne akipanda mita 100 tu, itambidi ale nusu saa zaidi kurudisha nguvu. Bei hiyo ukiibandika Elgon ilivyo, Kitum itaonekana mbali mno, ilhali wenyewe wameshaingia pangoni. Chumvi haimo katika jedwali la bei.

Ndiyo maana nasema bei hizi zisitungwe ofisini. Waulizwe Waogiek wa Chepkitale, kaunti ya Bungoma, walioishi na wanyama hawa vizazi na vizazi. Waulizwe wakulima wa Endebess na Kaptama. Mahindi huku hupandwa kuanzia Machi na kuvunwa kuanzia Oktoba. Shamba la Januari ni uwanja mtupu, la Agosti ni chakula na hatari pamoja, na bei ya usiku, watu wakiwa wamelala, si ya mchana.

Wala bei ya ndovu si ya kila mnyama. Kwa nzohe, swala wa majimaji anayeishi Saiwa, jirani na Kitale, kinamasi ndicho rahisi, nchi kavu ndiyo ghali.

Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, anayepanga doria ya Agosti apewe ramani ya Agosti, na ya usiku. Programu ya kuchora ramani hizo, QGIS, ni ya bure. Kinachobaki ni mtu wa kupanda hadi Chepkitale na daftari, akae na wazee, ajaze bei upya.