Mke Arudipo Kutoka Matibabu ya Tezi ya Shingo

Uvimbe wa shingoni si jambo geni katika nchi za Maziwa Makuu. Wazee wa milimani, ambako udongo una upungufu wa iodini, wamewaona watu wenye rovu tangu utotoni, na kwa sababu hiyo mwanamke aonaye kivimbe kisichouma huambiwa asijisumbue. Ni kweli kwamba vivimbe vingi vya namna hiyo si saratani. Lakini kivimbe kigumu kinachozidi kukua, au kinachofuatana na sauti ya kukwaruza isiyopona, hakina budi kupelekwa hospitali ili kichomwe sindano na kupimwa.

Saratani ya tezi ya shingo huwapata wanawake takriban mara tatu kuliko wanaume, na mara nyingi mgonjwa huwa angali na watoto wa kulea. Aina zake zilizo nyingi hutibika vizuri zikiwahiwa. Basi katika nyumba ya askari, ni mume anayejikuta ameshika kazi ya uuguzi, kazi ambayo hakufundishwa kwenye gwaride.

Matibabu huanza kwa upasuaji wa kuiondoa tezi. Nyuma ya tezi hiyo mna vitezi vinne vidogo vinavyolinda kiasi cha kalsiamu katika damu, navyo huweza kuduwaa baada ya kisu. Mgonjwa akisema midomo na ncha za vidole zinamchonyota, au mikono inakakamaa, hayo si baridi wala si mashetani; arudishwe hospitali siku ile ile. Sauti nayo huweza kufifia kwa wiki kadhaa. Mgonjwa apewe kijiko na kikopo cha bati agonge anapohitaji kitu, asilazimike kuita kutoka chumbani hadi uani.

Yapo majuma ambayo waume wengi huyaelewa vibaya. Kabla ya kupewa dawa ya iodini, wagonjwa wengi husimamishiwa vidonge vya homoni kwa wiki 3 au 4. Mwili usio na homoni ya tezi hupoa: mgonjwa huona baridi wakati wa jua, husahau, hufunga choo, hulia bila sababu, na kufagia chumba kimoja humchosha kama safari ndefu ya miguu. Mume asiyelijua hilo atadhani mkewe amekuwa mvivu, na neno moja la ukali wakati huo huchukua muda mrefu kusahauliwa.

Wakati huo huo huamriwa chakula chenye iodini kidogo, kwa wiki 1 au 2. Hapo ndipo penye taabu, kwa maana chumvi inayouzwa madukani Uganda, Kenya na Tanzania hutiwa iodini kwa sheria. Mkate wa dukani, maziwa, mayai na samaki wa baharini huwekwa kando. Ndizi, viazi, wali na maharage yaliyopikwa nyumbani bila chumvi hiyo hufaa, yakitiwa limau, tangawizi na kitunguu saumu. Nyumba yote ikila chungu kimoja na mgonjwa, siku hizo hupita upesi zaidi.

Dawa yenyewe ni iodini ya mnururisho, inayomezwa. Chembe za tezi huinyonya iodini kuliko sehemu nyingine za mwili, na hivyo mabaki ya ugonjwa hujimezea yenyewe kitu cha kuyaua. Daktari Saul Hertz wa Boston, Marekani, aliitumia iodini ya namna hiyo mwaka 1941 kwa mgonjwa ambaye tezi yake ilizidisha kazi. Miaka michache baadaye ikatumiwa kwa saratani. Iodini 131 hupungua nusu kila baada ya siku 8, na sehemu kubwa hutoka mapema kwa mkojo.

Arudipo nyumbani, mgonjwa hana ugonjwa wa kuambukiza, ila mwili wake bado una mnururisho. Hospitali hutaja siku za kulala peke yake na za kukaa mbali na watoto na wajawazito. Katika kota ya chumba kimoja, ni afadhali watoto ndio wapelekwe kwa bibi yao kuliko kutegemea pazia. Mtoto anyonyaye huachishwa wiki 6 au zaidi kabla ya dawa, wala harudishwi tena kwenye ziwa. Mimba nayo hungojwa miezi 6 hadi 12, kwa kadiri ya daktari. Choo hutiwa maji mengi. Nguo na vyombo vya mgonjwa huoshwa peke yake.

Askari aliye na likizo chache aombe ruhusa kwa siku hizi hasa, kwani wakati wa upasuaji wauguzi wapo. Kiti kikiwekwa hatua tatu kutoka kitandani, mazungumzo ya jioni yaweza kuendelea, na majirani wakaona kwamba mke hakutengwa.

Vidonge vya homoni hurejea, navyo ni vya maisha yote. Humezwa kwa maji alfajiri, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya damu au vya kalsiamu hungoja saa 4. Amri ya uhamisho ikifika, akiba ya vidonge na karatasi za hospitali zitiwe katika mkoba wa mkononi kabla mizigo haijapakiwa kwenye lori.